Mvua za Yaeda Chini Hubadilikaje Mwaka hadi Mwaka? Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya mtahiniwa wa Jiografia anayerudia mada ya hali ya hewa na tabianchi. Mfano unaotumika ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Yaeda Chini, bonde la Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, pamoja na jirani yake, Wilaya ya Hanang. Kila unapoulizwa kwa nini mvua ya mwaka fulani ilizidi au ilipungua, jiulize kwanza mambo matatu: ni mwezi gani, ni bahari ipi iliyopata joto, na eneo liko upande gani wa mlima. Wengi huandika "El Niño" wakaweka kalamu chini. Jibu hilo linastahili alama moja, na kuna miaka ambayo halistahili hata hiyo.

SEHEMU A: MAHALI NA MSIMU

1. Yaeda Chini iko wapi, na kwa nini inafaa kusomwa?

Iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, ndani ya mfumo wa Bonde la Ufa. Mashariki yake imepakana na uwanda wa juu wa Mbulu. Magharibi, ng'ambo ya vilima, liko Ziwa Eyasi. Kusini-mashariki unasimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wakazi wake ni Wahadzabe wanaowinda na kukusanya matunda, mizizi na asali, Wadatoga wanaofuga ng'ombe, na Wairaqw wanaolima na kufuga. Kila jamii inategemea mvua kwa namna yake, kwa hiyo mwaka mmoja wa mvua chache huonekana kwa sura tatu tofauti.

Sababu ya pili ni ya kitabianchi. Bonde hili limekaa mpakani. Kaskazini na mashariki yake kuna maeneo yenye misimu miwili ya mvua. Upande wa Singida na Dodoma kuna maeneo yenye msimu mmoja mrefu. Eneo la mpakani huguswa na visababishi vya pande zote mbili.

2. Msimu wa mvua huanza na kuisha lini?

Kwa kawaida mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Mei. Katikati, hasa Januari na Februari, hupungua, ingawa si lazima zikatike kabisa. Kipindi cha kuanzia Juni hadi Oktoba ni kikavu.

Katika mgawanyo unaotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), Mkoa wa Manyara umo katika kundi la misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Singida na Dodoma zimo katika kundi la msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukiulizwa kuhusu Yaeda Chini, taja mgawanyo huo rasmi, kisha ongeza kwamba bonde linaonyesha tabia za makundi yote mawili.

*Angalizo:* Swali likisema "majira ya joto ya kizio cha kusini", linahusu Desemba, Januari na Februari. Usiyachanganye na kiangazi chetu kikavu cha katikati ya mwaka.

3. Kwa nini bonde ni kavu kuliko uwanda wa Mbulu ulio jirani yake?

Kwa sababu liko katika kivuli cha mvua. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi: kaskazi mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, kusi kuanzia karibu Aprili. Zikifika kwenye miinuko ya Mbulu hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na mvua hunyesha juu ya miinuko. Hewa hiyo ikishuka upande wa magharibi hupata joto, na mawingu huyeyuka. Bonde la Eyasi na Yaeda hupata takriban milimita 300 hadi 600 kwa mwaka, kiasi kilicho chini sana ya kile kinachopatikana juu uwandani.

4. Je, mvua inayonyesha bondeni ndiyo pekee inayoleta maji Yaeda?

Hapana. Bonde hupokea pia maji yanayoteremka kutoka miinuko ya Mbulu. Maji hayo hujaza mbuga ya Yaeda, ambayo huwa ziwa la kina kifupi katika miaka ya mvua nyingi na hukauka ikabaki tope gumu na magadi katika miaka mibaya. Ndiyo maana kipimo cha mvua cha bondeni peke yake hakitoshi kueleza hali ya malisho na maji.

SEHEMU B: VISABABISHI

5. Ukandamvua ni nini, na unapangaje msimu wa Yaeda?

Ni ukanda unaozunguka dunia katika tropiki, ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa hupanda na mvua hunyesha. Hulifuata jua la utosi, kwa kuchelewa kidogo. Novemba na Desemba hupita juu ya kaskazini na kati ya Tanzania ukielekea kusini. Januari huwa umefika kusini mwa nchi, Zambia na Msumbiji. Machi na Aprili hurudi kaskazini.

Yaeda hupitiwa mara mbili, na pengo la Januari na Februari ni kipindi ambacho ukanda uko mbali kusini. Kadiri unavyosogea kusini kutoka Yaeda, mapito hayo mawili yanakaribiana mpaka yanakuwa msimu mmoja.

*Hapa alama hupotea:* Ukandamvua unaeleza kwa nini kuna msimu. Hauelezi peke yake kwa nini msimu wa mwaka huu haufanani na wa mwaka jana, kwa kuwa jua hupita njia ileile kila mwaka. Kwa tofauti za mwaka hadi mwaka, nenda baharini.

6. Afrika Mashariki iko ikweta. Mbona haina mvua nyingi kama Kongo au Indonesia?

Katika mwaka wa kawaida, maji ya joto zaidi ya Bahari ya Hindi yako mashariki, karibu na Indonesia. Hewa hupanda huko, husafiri juu kuelekea magharibi, kisha hushuka karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka huzuia mawingu kukua. Mzunguko wa aina hii unaitwa mzunguko wa Walker, kwa jina la Gilbert Walker, mwanasayansi wa Uingereza aliyefanya kazi India mwanzoni mwa karne ya 20. Chochote kinachodhoofisha mshuko huo wa hewa kwetu huongeza mvua. Chochote kinachouimarisha huipunguza.

7. El Niño ni nini, na inatufikiaje?

Ni ongezeko la joto la uso wa bahari, lisilo la kawaida, katika Pasifiki ya kati na mashariki karibu na ikweta. Kizingiti kinachotumika sana ni nusu nyuzi ya Selsiasi juu ya wastani, na hali hiyo idumu kwa miezi kadhaa. Kinyume chake, yaani kupoa kwa maji hayo, ni La Niña.

Pasifiki haituletei mawingu. Kinachotokea ni kwamba eneo la kupanda kwa hewa husogea kutoka Indonesia kuelekea kati ya Pasifiki, na mzunguko wa Bahari ya Hindi nao hulegea. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi mara nyingi hupata joto, mshuko wa hewa juu yetu hupungua, na vuli huwa na mvua nyingi. Mnyororo ukikatika Bahari ya Hindi, El Niño ya Pasifiki hutufikia ikiwa hafifu.

8. Dipoli ya Bahari ya Hindi ni nini?

Ni tofauti ya joto la uso wa bahari kati ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, na mashariki yake, karibu na Sumatra. Ilielezwa kwa upana mwaka 1999 na watafiti waliofanya kazi Japani, wakiwemo N. H. Saji na Toshio Yamagata.

- *Dipoli chanya:* magharibi kuna joto kuliko kawaida, mashariki kumepoa. Hewa hupanda kwetu, na pepo za mashariki huleta unyevu barani. Vuli huwa kubwa.
- *Dipoli hasi:* joto huzidi mashariki, hewa hushuka kwetu. Vuli huwa haba.

Dipoli hukua kati ya Juni na Oktoba, hufikia kilele karibu na Oktoba na Novemba, na kwa kawaida hufa Desemba au Januari pepo za msimu zinapogeuka. Kumbuka kalenda hiyo: dipoli ina nguvu mwanzoni mwa msimu wa Yaeda, na haipo tena masika inapoanza.

9. Toa ushahidi wa miaka unaoonyesha kwamba El Niño na dipoli ni vitu viwili.

- 1961: Hapakuwa na El Niño, lakini dipoli ilikuwa chanya. Mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2.
- 1997: El Niño kali na dipoli chanya kali zilikutana. Mafuriko yalikata barabara na reli Tanzania na Kenya.
- 2015: El Niño ilikuwa miongoni mwa kali kabisa zilizowahi kupimwa. Hata hivyo, Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ya 1997, na vuli ya Afrika Mashariki haikufikia ile ya 1997.
- 2016: Dipoli hasi kali. Vuli ilikuwa mbaya sehemu kubwa ya ukanda wetu.
- 2019: Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, lakini dipoli chanya ilikuwa miongoni mwa kali kabisa. Mvua zilizidi, na Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi yake ya 1964.
- 2023: El Niño na dipoli chanya zilikuja pamoja tena.

Swali likikuruhusu miaka miwili tu, chagua 1961 na 2015. Wa kwanza una mvua kubwa bila El Niño. Wa pili una El Niño kubwa bila mvua ya kulingana nayo.

10. Kwa nini ni vigumu kusema El Niño itafanya nini Yaeda mwezi Januari na Februari?

Kwa sababu katika miezi hiyo athari yake barani ina pande mbili. Kaskazini, kuelekea ikweta, huelekea kuongeza mvua. Kusini mwa Afrika, kama vile Zimbabwe na Afrika Kusini, huelekea kuleta ukame. Tanzania ya kati iko baina ya pande hizo, ambako ishara hudhoofika na kugeuka. Yaeda iko upande wa kaskazini wa eneo hilo la mpito, kwa hiyo huelekea kwenye unyevu, lakini kwa uhakika mdogo kuliko wa Novemba.

11. Masika hutawaliwa na nini?

Uhusiano wa masika na El Niño ni dhaifu, na hapo ndipo utabiri wa msimu unapokuwa mgumu. Mambo mawili ya muda mfupi hupata nafasi kubwa.

*La kwanza* ni mtikisiko wa Madden na Julian, uliotambuliwa mwaka 1971. Ni mfumo wa mawingu na pepo unaozunguka tropiki ukienda mashariki, kwa siku 30 hadi 60. Ukiwa juu ya Bahari ya Hindi huweza kuleta wiki za mvua. Ukishapita, huacha wiki kavu.

*La pili* ni vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Angalia mahali kimbunga kilipo. Kikiwa mashariki ya Madagaska, huweza kuvuta pepo za magharibi zenye unyevu kutoka Kongo zikatupitia. Ilitokea hivyo Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim. Kikiwa katika Mlango wa Msumbiji, huweza kuvuta unyevu ukatuhama. Machi 2019, wakati wa kimbunga Idai kilichoipiga Beira, masika ya kaskazini mwa Tanzania yalichelewa.

12. La Niña huleta ukame daima?

Si daima, lakini huongeza uwezekano wa vuli haba, hasa ikiambatana na dipoli hasi. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 La Niña ilirudi miaka mitatu mfululizo. Vuli ya 2021 ilikuwa mbaya, na mifugo mingi ilikufa kaskazini mwa Tanzania, Simanjiro ikiwemo.

SEHEMU C: HESABU

13. Takwimu zifuatazo ni za mazoezi tu, si vipimo vya kituo chochote. Mvua ya misimu mitano katika bonde kavu ni milimita 420, 610, 350, 780 na 440. Tafuta wastani, mkengeuko wa kila msimu, na asilimia ya kubadilika.

*Wastani:* 420 + 610 + 350 + 780 + 440 = 2,600. Gawanya kwa 5, unapata milimita 520.

*Mikengeuko:* −100, +90, −170, +260, −80. Ijumlishe: lazima upate sifuri. Usipopata, rudia hesabu.

*Mkengeuko sanifu:* Miraba ni 10,000, 8,100, 28,900, 67,600 na 6,400, jumla 121,000. Gawanya kwa 5, upate 24,200. Kipeuo cha pili chake ni takriban 156.

*Asilimia ya kubadilika:* 156 ÷ 520 × 100 = 30.

14. Matokeo hayo yana maana gani kwa mkulima?

Asilimia 30 ni kubwa. Mkulima wa eneo hili hawezi kupanga shamba kwa kutazama wastani peke yake. Panga takwimu kuanzia ndogo: 350, 420, 440, 610, 780. Thamani ya katikati ni 440, chini ya wastani kwa milimita 80. Msimu mmoja wa 780 umeuvuta wastani juu, na misimu mitatu kati ya mitano iko chini yake. Katika maeneo makavu hali hiyo ni ya kawaida: miaka michache ya mafuriko huupandisha wastani, na miaka mingi hukaa chini yake.

15. Utabiri ukisema "mvua za wastani", mkulima aelewe nini?

TMA huita "wastani" mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa takwimu za swali la 13, msimu wa 420 ni asilimia 81, kwa hiyo unaitwa wa wastani, ingawa kwa mahindi ya bondeni huenda usitoshe. Isitoshe, jumla ya msimu haisemi mvua ilianza lini na ilikatika siku ngapi mbegu zikiwa zimeota. Jibu kamili hutaja vitu vitatu: kiasi, mwanzo wa mvua, na mtawanyiko wake.

SEHEMU D: ATHARI

16. Eleza maafa ya Hanang ya Desemba 2023 kwa kutenganisha kisababishi cha mbali na cha karibu.

Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki.

*Kisababishi cha mbali:* El Niño na dipoli chanya ziliongeza uwezekano wa vuli kubwa.
*Kisababishi cha karibu:* mvua kubwa iliyonyesha juu ya mlima mrefu, wenye miteremko mikali na miamba dhaifu iliyofyonza maji na kumeguka.
*Kilichoongeza madhara:* makazi na soko chini ya mlima, kwenye njia ya maji.

Usiandike "El Niño iliua watu Hanang". Bahari iliongeza uwezekano wa mvua. Mteremko uliigeuza mvua kuwa tope. Makazi yaliyokuwa njiani yaligeuza tope kuwa maafa. Kila hatua ina alama yake.

17. Mwaka wa mvua chache unaathirije jamii tatu za Yaeda?

*Wairaqw:* mahindi huathirika kwanza, hasa mvua ikikatika wakati wa kutoa maua. Mtama huvumilia zaidi.

*Wadatoga:* malisho na maji huisha mapema, na mifugo huhamishwa. Mbuga ya Yaeda, kwa kuwa hupokea maji ya miinuko, huwa kimbilio, na mifugo ya mbali nayo huja.

*Wahadzabe:* hawana shamba la kukauka, na mizizi ya porini na matunda ya mbuyu huwapa akiba ambayo mkulima hana. Lakini maua yakiwa machache, asali hupungua, na mifugo inapomiminika huharibu vyanzo vya maji na kufukuza wanyama. Kwa hiyo ukame huwafikia zaidi kupitia ardhi kuliko kupitia njaa ya moja kwa moja. Hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi waliyopewa mwaka 2011 ina uzito katika mada hii, kwa sababu inagusa nani anaingia wapi mvua zinapokosekana.

SEHEMU E: INSHA

18. "Mvua za Yaeda Chini zinaweza kutabiriwa kwa kutazama Pasifiki." Jadili. (Alama 20)

*Mpangilio wa jibu:*

*Utangulizi (3):* Taja mahali, msimu wa Novemba hadi Mei, na msimamo wako: kauli ni kweli kwa sehemu ndogo ya msimu.

*Hoja za kuunga mkono (5):* Pasifiki hubadilika polepole, kwa hiyo hutoa onyo la miezi kadhaa. El Niño huongeza uwezekano wa vuli kubwa, La Niña wa vuli haba. Mifano: 1997 na 2021.

*Hoja za kupinga (8):* Bahari ya Hindi huweza kutenda peke yake, kama 1961 na 2019, au kuitikia kwa udhaifu, kama 2015. Januari na Februari ishara hudhoofika. Masika hufuata mtikisiko wa Madden na Julian na vimbunga, vinavyotabirika kwa wiki chache tu. Kivuli cha mvua huifanya mvua ya bondeni iwe tofauti na ya uwanda ulio jirani.

*Hitimisho (4):* Mtabiri wa Yaeda atazame Pasifiki kuanzia katikati ya mwaka, Bahari ya Hindi kuanzia Agosti hadi Novemba, na taarifa za siku kumi na za wiki kuanzia Februari. Mkulima naye asitumie utabiri wa Oktoba kuamua shamba la Machi.

JIPIME (bila majibu)

1. Kwa nini pengo la Januari na Februari hufifia kadiri unavyotoka Yaeda kuelekea Dodoma? (Alama 4)
2. Chora mzunguko wa Walker juu ya Bahari ya Hindi katika mwaka wa kawaida na katika mwaka wa dipoli chanya. Weka mishale ya hewa inayopanda na inayoshuka. (Alama 8)
3. Mwezi Septemba dipoli ni hasi na Pasifiki ni ya kawaida. Mshauri mfugaji wa Yaeda kuhusu Novemba, kisha eleza kwa nini ushauri huo hauhusu Aprili. (Alama 6)
4. Rudia swali la 13 ukiondoa msimu wa 780. Wastani unakuwa ngapi, na tofauti yake na thamani ya katikati inakuwa kubwa zaidi au ndogo zaidi? Eleza. (Alama 6)